Rasimu Tatu kwa Kila Insha: Shajara ya Mradi wa Uandishi, S.2, Bweyale

Shajara hii ni ya walimu wa Kiswahili wenye madarasa makubwa, kompyuta chache na intaneti ya kubahatisha. Tunaongeza sehemu mpya kila hatua inapokamilika. Mambo yaliyokwenda vizuri yametajwa kwa ufupi. Yaliyokwama yamepewa nafasi zaidi, maana ndiyo yatakayomla mwenzetu fedha na muda akitaka kuiga. Bei zote ni shilingi za Uganda, kama tulivyolipa.

5 Februari 2025: Tulipoanzia

S.2 yetu (mwaka wa pili wa sekondari) ina wanafunzi 64 katika mikondo miwili. Bweyale iko kwenye barabara kuu ya Kampala kwenda Gulu, na makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo yako jirani. Kwa hiyo dawati moja laweza kukalisha mtoto wa Kiacholi, wa Kinyoro na wa Kiganda, na nyuma yao wakakaa wawili wanaozungumza Kiarabu cha Juba na mmoja aliyekulia Kiswahili cha Kongo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Agizo lilifika haraka kuliko walimu. Hapa wa Kiswahili ni mimi peke yangu katika S.1 na S.2, na mwalimu wa kompyuta naye yuko peke yake. Mradi huu ni wetu sisi wawili.

Wiki ya kwanza wote waliandika insha moja kwa kalamu, "Siku ya soko Bweyale", bila kusaidiwa. Nimezihifadhi ili tuzilinganishe na za mwisho wa mwaka. Makosa yamejipanga kwa lugha za nyumbani kiasi kwamba karibu naweza kutaja kabila la mwandishi kabla ya kutazama jina. Katika maandishi ya Kiganda, r huja baada ya e na i, l ikakaa kwingine kote. Basi wenye Kiganda wanaandika "balua", "lafiki", "safali", halafu "erimu" na "shiringi". Wana pia "mutu" na "mukate". Waacholi hutumia c peke yake mahali pa ch, nao wanatuletea "cakula" na "kucota maji". Kiacholi hakina ngeli, kwa hiyo "kitabu yangu" na "viti zote" zimejaa. Wale wa Kongo wanazungumza bila kusita, lakini karatasini wameandika mistari sita mikavu yenye "batu" na "iko na".

Tatizo kubwa zaidi si hayo. Nikirudisha daftari lenye wino mwekundu, mwanafunzi hutafuta alama, huiona, hufunga daftari. Insha ikishasahihishwa imekufa. Lengo la mradi ni moja: kila insha iandikwe angalau mara tatu, na kompyuta ifanye kazi ya kurudia iwe nyepesi kuliko kunakili upya kwa mkono.

19 Februari 2025: Maabara na saa zilizopotea

Maabara ina kompyuta 20 za mezani. Zinazowaka ni 11. Mwenzangu ameondoa programu za zamani zilizojaa virusi, ameweka Linux Mint ya Xfce, mfumo endeshi mwepesi, pamoja na LibreOffice, programu ya kuandikia, zote za bure. Nne zilikuwa nzito mno, tukanunua vipande vya kumbukumbu (RAM) vilivyotumika, 35,000 kila kimoja, jumla 140,000. Flashi mbili ni 50,000. Hapo hakuna la kusimulia.

La kusimulia ni tarehe. Kila kompyuta ikizimwa, saa yake ilirudi miaka mingi nyuma. Tulilipuuza hadi wanafunzi walipohifadhi rasimu ya kwanza na ya pili kwenye folda moja, na rasimu ya pili ikaonekana imeandikwa kabla ya ya kwanza. Kundi moja lilifuta faili "ya zamani" kwa nia njema, kumbe ndiyo mpya. Tiba ni beteri ndogo bapa iliyo kwenye ubao mama, CR2032, ambayo fundi wa saa pale stendi anaiuza 2,500. Zote 11 zilitugharimu 27,500. Tumeweka pia utaratibu wa majina: mkondo, namba ya kundi, neno moja la mada, namba ya rasimu, kama "2A-07-soko-r2". Jina lililozidi au kupungua kitu, faili haisomwi. Ukiiga jambo moja tu kutoka kwenye shajara hii, iga hili la majina.

Mkondo mmoja una wanafunzi 32, kwa hiyo watatu kwa kompyuta moja. Mmoja anachapa, mmoja anasoma kutoka daftarini, mmoja anakagua, na wanabadilishana kila baada ya aya. Ilibidi nipige kengele. Bila kengele, anayejua kuchapa hashiki daftari hata siku moja.

12 Machi 2025: Kikagua tahajia, na jinsi kilivyotugeuka

LibreOffice ina kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia. Kwanza ilionekana haifanyi kazi: hakuna mstari mwekundu popote, hata chini ya "cakula". Wanafunzi walifurahi. Sababu ilikuwa kwamba tumechagua Kiswahili cha Kenya kwenye orodha ya lugha, na kamusi imesajiliwa kwa Kiswahili cha Tanzania. Programu isipopata kamusi hainung'uniki, inanyamaza, na ukurasa unaonekana safi. Chagua Tanzania.

Ilipoanza kufanya kazi, matatizo ndiyo yakaanza. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati, mtendwa na mnyambuliko ndani ya neno moja, na kamusi ya orodha haiwezi kuwa na maumbo yote. Ikapigia mstari vitenzi virefu vilivyo sahihi kabisa, vya aina ya "walipotuita" na "hatukuonana". "Mwalimu, kompyuta inasema nimekosea," msichana mmoja aliniambia, na tayari alikuwa ameshageuza "tulivyowasubiri" kuwa "tuli subiri". Wengine walianza kuandika vitenzi vifupi tu ili wekundu usitokee. Katika rasimu za pili za wiki ile, sentensi zilikuwa fupi na maskini kuliko za kwanza.

Upande wa pili, kikagua tahajia hakikusema neno juu ya "kitabu yangu", kwa sababu kitabu ni neno na yangu ni neno. Hakikusema neno juu ya "wananchi walipiga kula". Kosa ambalo darasa letu linalo kwa wingi ndilo kifaa hiki hakilioni.

Tulifanya marekebisho mawili. Kwanza, mistari ya papo kwa papo tumeizima kwenye kompyuta zote. Ukaguzi hufanywa mara moja, rasimu ikishakwisha, kwa kubonyeza F7. Pili, kila kitenzi sahihi kilichokataliwa kinaongezwa kwenye kamusi ya mtumiaji, lakini baada ya mwanafunzi kukivunja ubaoni kipande kwa kipande: wa-li-po-tu-ita. Akishindwa kukivunja, hakiongezwi. Faili ya kamusi hiyo tunaihamisha kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine kila Ijumaa. Kuvunja huku kumefundisha sarufi zaidi ya kamusi yenyewe, ingawa kunakula kipindi.

26 Machi 2025: Kutafuta badala ya kusahihisha

Mwenzangu ndiye aliyetoa wazo hili. Ukibonyeza Ctrl+H katika LibreOffice unapata dirisha la kutafuta na kubadilisha, na ndani yake kuna kisanduku kinachoruhusu kutafuta kwa ruwaza, zile ambazo mafundi huziita rejeksi. Badala ya kutafuta neno moja, unatafuta umbo. Tumetengeneza ruwaza chache na kuzibandika ukutani. Hii hapa ya upatanisho:

\b(ki|vi)\w+ (y|z|w)(angu|ako|ake|etu|enu|ao)\b

Inakamata "kitabu yangu", "vitabu zetu", "kiti wake". Mwanafunzi akibonyeza kitufe cha kutafuta zote, kila mahali panapofanana panawaka kwa pamoja, naye anaamua mwenyewe.

Siku ya kwanza ruwaza hii ilikamata "viongozi wetu" na "kijana wake", ambazo ni sahihi. Nilitaka tuitengeneze upya, kisha nikaona vidole vimeinuliwa darasa zima. Kwa nini kijana hachukui "chake" na hali anaanza na ki? Nimefundisha upatanisho wa viumbe wenye uhai tangu S.1 na sijawahi kuulizwa swali hilo. Ruwaza imebaki vilevile.

Ya "mutu" na "mukate" ilituletea fujo. Ruwaza ilikuwa \bmu[tkzp], na maagizo yalikuwa kutafuta tu. Kundi moja likaona njia ya mkato: tafuta "mu", badilisha kwa "m", kote. Neno "muhimu" likawa "mhim", "humu" ikawa "hum", na mwanafunzi Mukasa, aliyekuwa mhusika wa insha yao, akawa mkasa. Darasa lilicheka hadi mwalimu wa jirani akaja kuchungulia. Ctrl+Z iliokoa insha. Tangu siku hiyo kitufe cha kubadilisha zote ni marufuku, na mwenye kukigusa anaandika ubaoni maneno kumi yenye mu halali.

Ya r na l ilishindwa kabisa. Tulijaribu kuwasha kila r na kila l kwa rangi ili mwandishi azikague, ukurasa mzima ukawa njano na hakuna aliyeona chochote. Hapo kompyuta haina msaada: "kura" na "kula" zote zimo kamusini, na mwandishi mwenyewe hasikii tofauti. Suala hili limewekwa kando hadi muhula wa pili.

10 Aprili 2025: Umeme

Bwawa la Karuma liko wilayani mwetu, megawati 600, lilizinduliwa Septemba mwaka jana. Umeme wake unapita juu ya vichwa vyetu ukienda mbali. Sisi tunakatikiwa katikati ya kipindi.

LibreOffice huhifadhi nakala ya dharura kila baada ya dakika 10 kama hukuigusa. Dakika 10 ni nusu ya kazi ya kundi la wachapaji wa kidole kimoja. Tumeipunguza hadi dakika 2, na tumewazoesha kubonyeza Ctrl+S kila baada ya nukta. Jenereta ya shule ilitumika kwa vipindi kadhaa, petroli ikatugharimu 60,000, kisha mkuu wa shule akauliza, kwa haki, kama insha zina uharaka kuliko pampu ya maji.

Suluhisho limekuwa kugeuza mpango. Rasimu ya kwanza sasa inaandikwa darasani kwa kalamu. Maabarani wanaingia na daftari tayari, wanachapa, na kinachofanyika mbele ya skrini ni marekebisho tu. Umeme ukikatika, wanarudi kwenye daftari na kusomeana. Tulifanya hivyo kwa sababu ya kukosa umeme, lakini insha zenyewe zimenufaika: aliyetunga kwa kalamu hatungi tena sentensi za kukwepa kibodi.

Kurekodi mabadiliko (Ctrl+Shift+C) kumeanza vizuri. Kilichofutwa kinabaki kimepigwa mstari, kilichoongezwa kinakuwa na rangi. Sasa nasahihisha mabadiliko, sisahihishi insha nzima, na alama zinatolewa kwa mabadiliko. Mwenye insha safi isiyoguswa tangu rasimu ya kwanza anapata alama ndogo kuliko mwenye insha mbovu iliyofanyiwa kazi. Wazazi wawili walilalamika. Niliwaonyesha rasimu zote tatu za watoto wao, mmoja aliridhika.

11 Juni 2025: Seva ndogo na kuandika pamoja

Kamati ya wazazi imetoa 800,000. Tumenunua Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya kutumika kama seva, kwa 380,000, kadi ya kumbukumbu 45,000 na adapta 40,000. Juu yake tumeweka Etherpad, programu ya bure inayowezesha watu kadhaa kuandika kwenye ukurasa mmoja, kila mmoja na rangi yake, bila intaneti. Kompyuta zetu hazina Wi-Fi, kwa hiyo tulihitaji swichi ya kuziunganisha kwa waya, ya matundu 8 (75,000), waya mita 60 (120,000) na vichwa vya waya (20,000). Tundu moja ni la seva. Zimeunganishwa kompyuta 7. Nne zinafanya kazi peke yake, na wanaokaa hapo wanajiona wamenyimwa.

Kipindi cha kwanza kilikuwa vurugu. Mkondo mzima ulikuwa kwenye ukurasa mmoja. Walifutiana sentensi na kujiita majina ya wachezaji na ya marais, kisha mtu akaandika tusi la Kiacholi ambalo nilitafsiriwa baadaye. Kilichotuokoa ni kitelezi cha muda: Etherpad inahifadhi kila herufi iliyobonyezwa, na unaweza kurudisha ukurasa nyuma kama filamu. Niliuonyesha ukutani kwa projekta, polepole, bila kutaja mtu. Rangi ilitosha. Tangu hapo kila kundi lina ukurasa wake, jina ni namba ya kundi, na mwandishi anaruhusiwa kufuta sentensi yake tu. Ya mwenzake anaiandikia swali chini yake.

Baada ya wiki chache kadi iliharibika. Umeme ulikatika seva ikiwa inaandika, nayo haikuwaka tena. Kurasa za mkondo B zilipotea zote. Kadi nyingine 45,000. Sasa seva inakula umeme kupitia pawabanki ya 90,000, ya aina inayotoa umeme huku ikichajiwa. Uliza hilo kabla ya kulipa, maana nyingi hazifanyi hivyo. Nakala inachukuliwa kwenye flashi kila jioni. Raspberry Pi 4 haina beteri ya saa, na bila intaneti haijui leo ni lini, kwa hiyo kitelezi cha muda kilionyesha tarehe za ajabu. Kipande cha saa cha DS3231 ni 35,000. Inaonekana mradi huu umeandikiwa kununua saa.

9 Julai 2025: Sauti kwanza

Sehemu hii ndiyo ningependa isomwe na mwalimu aliyechoka na zote zilizotangulia.

Wanafunzi wa Kongo wanasimulia vizuri kuliko mtu yeyote darasani, mimi nikiwemo, na wanaandika vibaya kuliko wengi. Basi tulinunua simu mbili zilizotumika, 240,000, bila laini ndani yake. Kwa kuwa simu za wanafunzi haziruhusiwi shuleni, zimeandikishwa kama mali ya maabara, zinafungiwa kabatini, na mkuu wa shule ametia sahihi. Kazi ni hii: mmoja anasimulia kwa dakika mbili, mwenzake anasikiliza na kuandika alichosikia neno kwa neno, kisha wote wawili wanaligeuza andiko hilo kuwa insha.

Rekodi za kwanza hazikusikika, darasa lina kelele na bati linavuma. Tulihamia stoo ya posho. Magunia ya unga yanameza mwangwi kuliko chumba chochote shuleni, na mpishi alitukubalia kwa sharti tusiguse maharagwe.

Urefu wa insha ulibadilika mara moja. Kijana aliyeandika mistari sita Februari alisimulia jinsi mama yake anavyopanga nyanya ili zilizoiva zaidi ziuzwe kabla ya saa sita, na mwandishi wake alijaza kurasa mbili akimfuata. Tunaandika kwenye jedwali la safu mbili: kushoto alivyosema, kulia Kiswahili Sanifu. "Batu banakuya" inabaki kushoto, haikatwi wala haikemewi. Kulia inakuwa "watu wanakuja". Nilikuwa na wasiwasi kwamba safu ya kulia ingekausha simulizi. Imetokea mara chache, hasa wanapoharakisha.

Na hapa ndipo suala la r na l lilipofunguka. Kiacholi kinatofautisha r na l waziwazi. Mwacholi akimwandikia Mganda, anasimamisha rekodi: "Umesema kula au kura?" Mganda analazimika kujibu, na kujibu anahitaji kujua. Kwa upande wake Mganda, ambaye kwao husema ekitabo kyange, haoni taabu na "kitabu changu", na anashangaa mwenzake anavyopotea. Kila mmoja anacho ambacho mwenzake hana. Tumepanga viti upya kwa msingi huo, na mpango wa viti haukugharimu hata shilingi. Orodha ya r na l inayotokana na maswali hayo inaandikwa kwenye ukurasa wa Etherpad ulio wazi kwa mikondo yote.

Juzi, tarehe 7, Siku ya Kiswahili Duniani, tulibandika rasimu tatu za kila kundi ukutani, moja juu ya nyingine, ya kwanza ikiwa chini kabisa. Wanafunzi wa S.4 walizifunua zile za chini kwa udaku.

24 Septemba 2025: Insha yenye pweza

Mwanafunzi wa kutwa alileta kazi ya nyumbani juu ya soko la Bweyale. Ngeli zote zilikuwa sawa, methali mbili mahali pake, na muuza pweza kwenye kona. Bweyale na bahari ni siku nzima ya basi, hata zaidi. Simu ya kaka yake ilikuwa na programu ya akili unde.

Hatukupiga marufuku, kwa kuwa nyumbani hatufiki. Tulichukua kipakatalishi cha mwenzangu na kifurushi cha data, tukaiomba programu hiyo insha ileile mbele ya darasa na kuitupia ukutani. Data kwa majaribio yote imekula 40,000, ndani yake ushuru wa asilimia 12 unaotozwa tangu Julai 2021. Kazi ya wanafunzi ilikuwa kupigia mstari kila sentensi ambayo ingeweza kuandikwa kuhusu soko lolote duniani. Walipiga mistari karibu kote. Kisha kila kundi liliongeza sentensi tano ambazo mashine isingeweza kuzijua: bei ya debe la mahindi wiki ile, lori lililokwama, lugha anayoanza nayo mwenye duka akiona sura ngeni.

Jaribio la tafsiri lilifaulu nusu. Google Translate ina Kiganda tangu 2022 na Kiacholi tangu 2024, nasi tuliwaacha baadhi waandike rasimu ya kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha waipitishe kwenye mashine. Kwa wanafunzi dhaifu ilikuwa mara ya kwanza kuandika ukurasa mzima wa jambo lolote. Lakini walilinakili tokeo lote, likiwa na maneno wasiyoyajua, na walipoulizwa maana walinyamaza. Tumebadili taratibu: rasimu ya lugha ya nyumbani inaruhusiwa, mashine inaulizwa neno moja moja, sentensi ni za mwanafunzi. Inakwenda polepole, na hadi sasa naisimamia mwenyewe. Sijui nitaiachaje ijiendeshe katika darasa la watu 32.

26 Novemba 2025: Kalamu tena

Mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, unaandikwa kwa kalamu, kwa hiyo kipimo chetu pia. Mada ileile ya Februari, bila kompyuta, bila mwenza. Nimeziweka insha za mwanzo na za mwisho sambamba.

"Mutu" na "cakula" zimekwisha, isipokuwa kwa wachache. Upatanisho wa ki- na vi- umeimarika sana. Ngeli ambazo hatukuzitengenezea ruwaza, hasa za u- na za mahali, zimebaki zilipokuwa. Makosa kama "nyumba kwenye liko" bado yapo. R na l zimepungua kwa Waganda waliokaa na Waacholi muhula mzima, na hazijasogea kwa waliobadilishwa viti katikati kwa sababu za nidhamu. Insha ni ndefu zaidi karibu kwa wote. Wanafunzi kadhaa wamegeuza karatasi na kuandika rasimu ya pili nyuma yake bila kuambiwa, na wawili wakaomba karatasi ya ziada.

Wapo ambao hawajabadilika. Wengi wao ni wale wa kompyuta nne zisizo na waya, waliokosa kuandika pamoja, na wale ambao kibodi iliwashinda hadi mwisho. Kwa hao mashine ilikuwa somo la pili juu ya la kwanza. Mwakani watatumia kalamu na simu ya kurekodi, bila kibodi, hadi watakapotaka wenyewe.

Gharama yote ni 1,407,500. Wazazi 800,000, shule 450,000, zilizobaki tumechangia walimu wawili. Kama ningeanza upya na fedha za kitu kimoja, ningenunua simu mbili za kurekodi na kuacha seva kwa mwaka wa pili.

Tunachohitaji kabla ya Februari: swichi ya matundu 16, ambayo duka moja Masindi limetutajia 180,000, ruwaza za ngeli ya u- ambazo mwenzangu anazijaribu likizoni, na tayari amegundua kwamba "ukuta wangu" na "kuta zangu" zitahitaji ruwaza mbili tofauti, na stoo nyingine, kwa sababu mavuno yameingia na ile ya posho imejaa hadi mlangoni. Faili ya kamusi, ruwaza zote na jedwali la safu mbili viko kwenye flashi ya maabara. Mwalimu yeyote akija na flashi yake atanakiliwa, ila aje asubuhi, umeme ukiwepo.